Taa ya Oili Njia ya Haneti

Mimi nina mdomo, sikatai. Ofisini kwetu Mtumba wananiita Honi, na mume wangu Swalihu husema nikianza kugomba hata friji linanyamaza. Lakini kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye mbele yake mdomo wangu ulijifunga wenyewe, naye ni baba mkwe wangu, Mzee Bushiri wa Chemba.

Nilivyolelewa mimi, baba mkwe humkodolei macho, huli mbele yake, na humwambii zaidi ya shikamoo baba, chakula tayari, usiku mwema. Ukiwa na jambo naye unampa mumeo, mumeo anampelekea. Mzee naye akiwa na lake, linapita njia hiyo hiyo. Tangu niolewe, maneno yetu yote yalipitia kwa Swalihu, na sikuwahi kujiuliza huko katikati yanapungua kiasi gani.

Jumamosi moja mwezi wa sita nilikuwa Chemba, nimekwenda kuwasalimia wakwe. Swalihu alikuwa Singida kikazi. Asubuhi, jua limeshapanda, mama mkwe wangu, Bi Jaha, aliingia uani mbio, kanga imemdondoka begani, akasema mzee kaumwa na nyoka kwenye alizeti. Kifutu. Alikuwa anakata vichwa vya alizeti, akamkanyaga bila kumwona, naye akampiga juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia.

Zahanati tuliyomkimbizia ilimwekea dripu, lakini dawa ya sumu ya nyoka haikai zahanati, na gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito Kondoa. Muuguzi, dada mmoja anaitwa Tereza, aliandika rufaa ya kwenda hospitali Dodoma, halafu akanivuta pembeni.

"Msimfunge kamba," akasema. "Mguu utulie tu. Na mumsemeshe njia nzima. Akisinzia mwamsheni. Siku akiacha kujibu... yaani nasema leo, dada, akiacha kujibu tu, ujue mambo yameharibika. Una gari?"

Gari nilikuwa nalo.

Ni kagari kadogo, injini ya silinda tatu yenye tabo ya kuisukumia hewa, na juu yake kana kabetri ka ziada chini ya kiti na kamota kanakoipa injini msukumo unapoondoka. Ukisimama kwenye taa za barabarani linajizima lenyewe ili kubana mafuta. Ukiachia breki linawaka, hata hujajua. Nililiagiza kutoka nje likiwa limeshatumika, nalipenda kama mboni ya jicho langu. Siku ya kwanza nililipeleka kwa fundi wangu wa Dodoma, Abeli, akaliangalia, akakuna kichwa, akanikalisha kwenye tairi kuukuu na kunipa masharti.

"Dada Yusra, hii injini ni nzuri lakini ina deko. Mkanda wake wa taimingi ni wa mpira, na unaogelea ndani ya oili. Oili yake ni aina moja tu, nyepesi kama maji. Ukimwekea nyingine, mpira unavimba, unachubuka, unadondosha vipande. Vipande vinakwenda kuziba chujio kule chini, oili haipandi tena. Inatangulia tabo, inafuata injini, mwisho unafuata wewe kulia. Ukiona taa nyekundu ya oili, zima hapo hapo, hata kama uko katikati ya keepi lefti."

Nilimwelewa. Na mwezi wa Ramadhani, nilipokwenda Arusha kwenye mafunzo na kuliacha gari kwa wakwe, nilimwambia Swalihu mara tatu nzima: mwambie baba aliendeshe apendavyo, ila injini asiguse mtu. Akasema sawa, amesikia.

Basi tukaondoka Chemba. Mzee alijinyoosha kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Bi Jaha, dripu imening'inizwa kwenye kile kishikio cha juu ya mlango. Mguu ulikuwa umevimba mpaka karibu na goti na ngozi inang'aa. Nilikuwa nakwenda mbio, na kila nikitupa jicho kwenye kioo naona uvimbe umepanda kidogo. Sikuwaambia.

Karibu na Haneti kundi la ng'ombe wa mnadani lilikuwa linavuka barabara. Nikasimama, gari likajizima kama kawaida yake. Nikawa napiga honi na kuwatukana ng'ombe kimoyomoyo. Wa mwisho alipotoka nikaachia breki, injini ikawaka, na taa nyekundu ya oili nayo ikawaka, kale kapicha ka kopo lenye tone.

Nikasogea pembeni, nikazima.

"Mbona unasimama?" Bi Jaha akauliza.

"Dakika moja tu, mama."

Nikafungua boneti, nikavuta kijiti cha kupimia oili. Ilikuwapo, tena imejaa mpaka alama ya juu. Lakini ilikuwa nzito, imeng'ang'ania kijiti kama uji wa ulezi, na nilipoisugua vidoleni nikakuta chembechembe nyeusi za mpira. Nikampigia Abeli, nikaweka simu sauti ya nje ili niendelee kuishika boneti.

"Nzito?" Abeli akauliza. "Niliyoiweka mimi haiwi nzito hata kidogo. Dada, kuna mtu kaigusa hiyo injini."

"Hakuna aliyeigusa, Abeli! Gari ni langu, nani aliguse?"

Kutoka kiti cha nyuma, dirisha likiwa wazi, nikasikia sauti ya mzee, ndogo kabisa.

"Mama Swalihu, mwambie mkwe ni mimi."

Bi Jaha akatoa kichwa dirishani. "Anasema ni yeye."

Nilisikia, jamani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo! Lakini ndivyo tulivyozoea, basi nikangoja, na habari ikaja vipande vipande, mzee anamnong'oneza mkewe, mkewe ananisimulia mimi. Kwamba Ramadhani ile mzee aliliendesha gari kwenda Kondoa, na kila aliposimama likamzimikia. Mbele ya watu. Mbele ya madereva wenzake wa zamani waliomjua tangu enzi za malori, wakamcheka. Kwa akili yake ya malori, gari linalozimika likisimama lina uchafu ndani. Akamwita fundi aliyefanya naye kazi miaka ile, wakamwaga oili, wakaisuuza injini kwa dizeli kama walivyokuwa wakisuuza injini za malori, wakajaza oili nzito ya lori.

"Alitaka iwe zawadi yako ya Idi," Bi Jaha akamalizia. "Akasema usiambiwe, utaona mwenyewe gari limekuwa jepesi."

Dizeli! Kwenye mkanda wa mpira!

"Mimi nilisema gari lisi..." Nikauma ulimi. "Mama, Swalihu hakuwaambia kitu?"

"Alituambia umesema mzee alitumie apendavyo."

Nikatembea mpaka nyuma ya gari ili mzee asinisikie, nikampigia mume wangu. Habari ya nyoka alikuwa nayo tangu asubuhi, na alipokea kabla simu haijaita vizuri.

"Mmefika?"

"Tumefika wapi? Gari linakufa hapa Haneti! Baba yako kaisuuza injini kwa dizeli! Wewe nilikupa ujumbe gani, Swalihu? Nilikupa ujumbe gani?"

"Ningeanzaje, Yusra? Huyo ndiye aliyenifundisha kushika usukani. Nimwambie mke wangu kasema usiguse gari lake?"

"Sasa mke wako anakwambia baba yako anazidi kuvimba!"

Nikamsikia anavuta pumzi. "Namtafuta Khamisi, yuko Dodoma na gari lake. Aje awapokee njiani. Nyie sogeeni, hata kidogo kidogo."

Khamisi ni rafiki yake, wanafanya kazi ofisi moja. Nikakata simu bila kumuaga. Nilikuwa na hasira mpaka machozi, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Nikajaribu kusimamisha magari. Basi lilipita linapiga honi, halikupunguza hata mwendo. Pikipiki ilisimama, lakini mgonjwa mwenye dripu utamwekaje kwenye pikipiki? Lori la vitunguu lilikuwa linaelekea upande wa Kondoa tulikotoka. Nikamrudia Abeli.

"Sikia," akasema, sasa kwa haraka. "Injini ikizimwa, ule uchafu unaachia chujio, unarudi chini. Kwa hiyo ukiwasha utapata oili kwa muda. Endesha taratibu, usiiamshe tabo, zima kiyoyozi. Taa ikiwaka tu, simama, zima, ngoja kama dakika tano, washa tena. Na kile kitufe cha gari kujizima lenyewe, kizime kila unapowasha, maana kinajirudisha. Likijizima lenyewe mahali pabaya linaweza lisiwake."

"Na kale kamota? Hakawezi kutuvuta mpaka mjini?"

"Kanasaidia tu, dada. Hakabebi."

Nikawasha. Taa ikawaka, ikazimika. Nikabonyeza kitufe, tukaondoka.

Sijawahi kuendesha gari hivyo maishani mwangu. Jicho moja barabarani, jingine kwenye ile taa, la tatu sijui nililitoa wapi, lilikuwa kwenye kioo kwa mzee. Mara ya kwanza tulikwenda mbali kiasi cha kunipa moyo. Ikawaka. Nikasimama, nikazima, tukangoja, jua linapiga bati na hakuna hata kivuli cha mche. Tukaondoka. Safari ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu ikawa fupi zaidi. Kila dakika tano za kungoja Bi Jaha alikuwa anamwita mumewe kwa jina la ujana wao, na kila mara mzee alichelewa zaidi kuitika.

Khamisi akapiga: ndiyo kwanza anatoka mjini.

Tulipoondoka mara ya nne, Bi Jaha akaanza kulia. "Hanijibu. Yusra, hanijibu!"

Nikaangalia kioo. Macho ya mzee yalikuwa yamefumba, midomo imekauka, kichwa kinafuata mtikisiko wa gari. Bi Jaha alimpapasa shavu, akamwita polepole, kwa heshima, kama mtu anayemwamsha mgeni. Maneno ya yule muuguzi yakanijia. Na sijui ni nini kilichotokea, labda ile hasira ilikuwa imefika shingoni na haikuwa na mlango mwingine.

"Baba!" nikapiga kelele. "Fumbua macho!"

"Yusra!" Bi Jaha akashtuka, utadhani nimevua nguo.

Mzee akafumbua macho.

"Usilale! Hivi umenifanyia nini kwenye gari langu? Nani alikwambia injini ya watu inasuuzwa kwa dizeli?"

Kwenye kioo nikaona anatafuta sauti inatoka wapi. Kisha akajibu, na hakumjibu mkewe. Alinijibu mimi.

"Lilikuwa... linazimika."

"Halizimiki! Linapumzika! Limetengenezwa hivyo!"

"Gari gani linapumzika barabarani?" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa na ubishi ndani yake, na ubishi ule nikaushika kwa mikono miwili.

"Gari langu! Lina mkanda wa mpira ndani ya oili, baba, wewe ukaulowesha dizeli! Umeliwa wote, umeziba chujio, ndiyo maana tunasimama simama kama gari la maziwa!"

"Mkanda ndani ya oili? Mjinga gani... alitengeneza hiyo?"

"Hayo nenda ukamwulize yeye! Mimi nakuuliza wewe!"

"Yusra, huyo ni mkweo," Bi Jaha akanisihi huku analia.

"Nyamaza, mama Swalihu," mzee akasema. Akapumua kidogo, akanigeukia mimi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilimwambia mwanao!"

"Mimi siishi kwa mwanangu. Niko Chemba. Ulikuja kila mwezi."

"Ningekwambiaje? Wewe si mkwe wangu?"

"Na sasa unaniambiaje?"

"Kwa sababu unakufa!" nikasema.

Taa ikawaka. Nikasimama pembeni, nikazima, nikaweka paji la uso kwenye usukani. Nilikuwa nimemtukana baba mkwe, nimemtamkia kifo mbele ya mkewe, na kwa kweli nilitaka ardhi inimeze. Nyuma kukawa kimya muda mrefu mno. Nikageuka. Macho yake yalikuwa yanafumba tena.

Bi Jaha aliniona ninavyosita. Akafuta machozi kwa kanga, akakaza uso.

"Mwambie," akanihimiza. "Mgombeze! Usimwache!"

Nikamgombeza. Nilimgombeza kwa gari, kwa kwenda kwenye alizeti na ndala ilhali viatu vya mvua nilimnunulia mwenyewe, kwa dawa za presha anazozificha chini ya godoro na kudhani hatujui. Nilimgombeza kwa kusema wali wangu una maji, maana na hilo Swalihu aliniletea, lile hakulipunguza. Mzee akawa anajibu neno moja moja. "Una maji kweli," akasema, na Bi Jaha akacheka huku analia. Nikawasha gari, tukaondoka.

Mayamaya kulikuwa na tuta. Nilikuwa namgombeza kwa nguvu zangu zote, na kwa kugombeza huko nikasahau kubonyeza kile kitufe. Nikashika breki, gari likapanda tuta polepole, likakaribia kusimama, likajizima. Lenyewe. Juu ya tuta, katikati ya barabara.

"Limezimika," mzee akasema.

"Limepumzika," nikajibu.

Nikaachia breki. Kale kamota kakaizungusha injini, ikakwaruza, ikakataa. Bismillahi. Nikarudia. Ikakwaruza, ikagonga kwa ndani, gog-gog-gog, ikawaka. Taa nyekundu ikawaka nayo na haikuzimika.

Sasa hapo ndipo palipokuwa penyewe. Abeli alisema taa ikiwaka simama, ngoja. Nikisimama, huenda haitawaka tena na tutabaki Mayamaya tukimsubiri Khamisi, na mzee alikuwa na muda gani sikujua. Nisiposimama, naiua injini kwa mkono wangu, na ikifa kabla hatujakutana na Khamisi tutakuwa porini. Nikaangalia kioo. Uvimbe ulikuwa umevuka goti, na kwenye fizi za mzee, alipofungua mdomo, niliona damu.

"Inagonga," akasema.

"Naisikia."

"Ukizima... haiwaki tena."

"Najua, baba."

"Basi usizime." Akavuta pumzi. "Usiikanyage. Iache iteleze kwenye miteremko. Nenda nayo."

Nikaenda nayo. Kila mteremko niliuacha ulibebe gari, kila mlima niliuomba. Tabo ilianza kulia, mlio mwembamba kama wa birika linalochemka, kisha ikanyamaza kabisa na nguvu zikaisha. Nikikanyaga, gari halinisikii. Moshi wa bluu ukaanza kutoka nyuma, nikawa siwaoni waliotufuata. Kila taa ya kwenye dashibodi iliwaka, hata nisizozijua. Na muda wote huo mimi na mzee tunabishana. Tulibishana kama oili nyepesi inaweza kuhimili joto la Dodoma. Akasema haiwezi. Nikasema mbona imehimili kabla hujaja wewe. Akanyamaza, nikapiga kelele, "Jibu!" Akasema, "Nafikiria."

Hatujafika Msalato injini ikanoki. Kishindo kimoja, kama mtu ameangusha nyundo ndani ya sufuria, na usukani ukawa mzito. Tulikuwa kwenye mteremko, Mungu mkubwa, nikaliacha gari liteleze na nikawa nauvuta usukani kwa mikono yote miwili kama napigana na punda. Mbele, kwa mbali, nikaona gari jeupe linawashawasha taa. Khamisi. Tulikwenda kusimama karibu ya bampa lake, na mimi ndiyo kwanza nikagundua kwamba sauti imenikauka.

Tulimhamisha mzee sote kwa pamoja. Gari langu nililiacha hapo, milango wazi, linafuka moshi. Sikuligeukia.

Hospitali walimpa dawa ya sumu, akalala akiwa na mashine mwilini, na usiku ule hawakutuahidi kitu. Jumatatu akaweza kunywa chai. Abeli alilivuta gari, akafungua injini na kunipigia: mkanda umebaki nyuzi tupu, chujio limeziba lote, hakuna cha kuokoa. Nikasema haya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi na nilikuwa nangoja jambo jingine.

Jumatano daktari akalisema. Nyama ya mguu ilikuwa imeoza kwa sumu. Lazima wamwingize chumba cha upasuaji, na wakikuta imefika ndani, mguu utakatwa chini ya goti. Na kwa umri wake na presha yake, hata ile dawa ya usingizi ilikuwa na hatari.

Ndugu wote walikuwapo, wamezunguka kitanda, wanasema pole mzee, Mungu yupo mzee. Swalihu, ambaye tangu atoke Singida tulikuwa tunasemeshana kwa lazima tu, akainama.

"Baba, Yusra anasema usiwe na wasiwasi..."

Mzee akainua mkono. "Yusra yuko wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Basi aseme Yusra."

Manesi wakaanza kusukuma kitanda. Mzee akanyoosha mkono akanishika kiganja, mbele za watu wote wale, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu niolewe. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nikatembea pembeni ya kitanda.

"Watanilaza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Naogopa nisije nikaendelea huko huko."

"Hutaendelea, baba."

"Nigombeze. Kama siku ile. Nisinzie nikiwa nakusikia."

Na mimi, Honi, mimi ninayesifiwa mdomo Mtumba nzima, nikakosa neno. Machozi yalinijaa mpaka puani.

"Wewe mzee," nikaanza, na sauti inatetemeka. "Wewe mzee umeniulia gari langu kwa dizeli, halafu unataka kulala? Huendi popote! Ukitoka humo nakupeleka kwa Abeli ukauone huo mkanda kwa macho yako, na utaniambia mbele yake nani mwenye akili ya malori!"

Nilikwenda nao korido nzima nikigomba. Wagonjwa waligeuka, mlinzi akasimama, Swalihu akataka kunishika bega akaacha. Milango ikafungwa, mimi bado nagomba.

Ilipofunguliwa tena ilikuwa alasiri. Chini ya shuka mguu mmoja ulikuwa mfupi. Macho yake yalikuwa yamefumba, na nesi akasema alitakiwa awe ameshazinduka, tumwite taratibu. Bi Jaha akamwita, hakuitika. Swalihu akamwita, akamtikisa bega, hakuitika. Nikawaona wote wananigeukia mimi, hata mama mkwe wangu, akanipisha.

Nikasogea kwenye mto, nikainama.

"Baba!" nikapiga kelele. "Fumbua macho!"

Akafumbua.